Vitabu Sita, Mkono Mmoja

Kila siku saa kumi jioni Chapa alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akaifua na kuianika, kisha akaketi kwenye meza ya chakula na madaftari yake. Chapa halikuwa jina alilopewa na wazazi. Mwalimu wake wa darasa la sita ndiye aliyemwita hivyo, kwa kuwa mwandiko wake ulinyooka mno hata ungedhani umepigwa chapa. Herufi zake hazikupanda wala kushuka. Shuleni yeye ndiye aliyeandika ratiba ya ukutani, na nyumbani yeye ndiye aliyemwandikia mama orodha za mashuka. Mama yao alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa ya mji.

Dada yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kuelewa, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Hata yeye mwenyewe akiurudia baada ya siku mbili alikwama njiani. Alikuwa akisomea ufundi wa umeme katika chuo kilichokuwa nyuma ya posta, na zilibaki wiki tatu amalize. Hospitali ile ile ya mama ilikuwa imeahidi kumchukua katika karakana yake mara tu atakapopata cheti. Nyumba nzima ilikuwa ikikisubiri cheti hicho, na majirani walishaanza kumwita fundi.

Cheti chenyewe hakikutolewa hivi hivi tu. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu kidogo cha kazi chenye kurasa sitini. Kila siku alitakiwa kuandika kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kifaa alichotumia na saa alizotumia, kisha mwalimu wa karakana atie sahihi. Serikali ilituma mkaguzi kuvisoma vitabu hivyo, kwa sababu vyuo vilikuwa vingi, na si kila chuo kilifundisha kile kilichoandikwa kwenye kibao chake cha mlangoni.

Jioni moja dada aliketi karibu na Chapa, akamkumbatia bila sababu.

"Chapa, mdogo wangu, mwenye mkono wa dhahabu."

"Unataka nini?" Chapa aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Lo! Kwani mtu hawezi kumsifu ndugu yake?"

"Anaweza. Sasa sema unachotaka."

Dada alicheka, akatoa kitabu cha kazi mfukoni mwa ovaroli. "Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mwalimu amesema vitabu vijae, tena vipendeze. Mimi nimeandika kurasa nne."

"Nne! Na kuna sitini?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi nitasoma, wewe andika."

Basi dada akasoma, Chapa akaandika. Kupima waya wa ardhi kwa mita ya umeme, saa tatu. Kufunga soketi, saa mbili. Kupima waya wa ardhi kwa mita, saa tatu. Kila ukurasa ulipoisha tarehe ilisogea mbele siku moja. Kesho yake marafiki watano wa dada walisikia habari hizo, nao wakaleta vitabu vyao, pamoja na pipi na biskuti. Wakamwita "bosi" na "katibu wetu". Chapa akavimba kichwa, aibu ilioje! Aliandika vitabu sita mpaka akayajua yote kwa moyo: zima swichi kubwa, hakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika, ndipo uguse waya.

Hakujiuliza swali hata moja. Aliona anaandika tu, na kuandika si kosa.

Ijumaa, mama alitaka kupiga pasi sare yake ya kazini. Alipochomeka pasi, soketi ya ukutani ikatoa cheche. Mama akaruka nyuma.

"Mwanangu fundi, hebu njoo uitazame hii."

"Mama, tumwite fundi," dada alijibu kutoka chumbani.

"Fundi gani tena? Na wewe ni nani humu ndani?"

Dada akaja. Alichukua bisibisi, akachuchumaa mbele ya ile soketi, akaitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Kisha akaisogeza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

"Dada, swichi kubwa!" Chapa alipiga kelele. "Hujaizima swichi kubwa!"

Bisibisi ikaanguka sakafuni. Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akasema, "Haya, iacheni. Nitapiga pasi kwa jirani," akachukua sare yake akatoka.

Chapa alimgeukia dada yake. "Mbona umesahau? Kazi hii umeshaifanya mara arobaini. Nimeiandika mwenyewe."

"Umeiandika wewe," dada alisema. "Mimi sijaifanya hata mara moja."

"Vipi?"

"Mita zimefungiwa kabatini. Mwalimu hutuchorea ubaoni, nasi tunachora daftarini. Chapa, mimi nikitakiwa kuchora nitakuchorea nyumba nzima. Lakini waya wenye umeme sijawahi kuugusa, na leo nimeogopa."

"Sasa hospitalini utafanyaje?"

"Nitajifunzia huko huko."

"Huko ndiko aliko mama," Chapa alisema. Aliwaza chumba cha kufulia, zile mashine kubwa zinazonguruma, na mama anayeshinda humo mikono imelowa toka asubuhi hadi jioni. "Ukikosea waya wa mashine, atakayeigusa ni mama."

Dada aliokota bisibisi, akaenda kulala mapema bila kula.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumatatu, na shule ya Chapa ilikuwa na mapumziko mafupi. Dada aliondoka mbio asubuhi, akakisahau kitabu chake mezani. Chapa alikiona saa tatu, akakichukua akakimbia nacho mpaka chuoni.

Karakana ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Kuta zilinukia rangi mpya. Kabati la vifaa lilikuwa wazi, na ndani yake mita kumi na moja zilikuwa zimepangwa kwenye mstari, kila moja ndani ya nailoni yake. Mkuu wa chuo alikuwa amevaa tai na jasho likimtiririka. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mezani mbele yake kulikuwa na vitabu vitano vilivyofunuliwa.

"Mkuu," alisema, "wanafunzi hawa watano wana mkono mmoja."

"Tunawafundisha unadhifu, mheshimiwa," mkuu alijibu, akicheka kicheko kisicho na furaha.

"Vizuri. Na Jumapili ya tarehe kumi na mbili wote walipima waya wa ardhi. Chuo hiki hufunguliwa Jumapili?"

Mkuu akatoa leso akajifuta shingo. Pale mlangoni Chapa alijua kosa hilo ni lake. Alikuwa amezifuatisha tarehe moja baada ya nyingine, tena bila kalenda, na Jumapili zote alizipitia kama siku za kazi. Kweli njia ya mwongo ni fupi!

Mkaguzi aligawa karatasi, akawataka wanafunzi waandike mstari mmoja kila mtu. Walipomaliza alizikusanya, akavaa miwani, akazilinganisha na vitabu. Karatasi ya dada aliigeuza juu chini mara mbili.

"Hakuna hata mmoja wenu," alisema. "Vitabu hivi ameviandika nani?"

Dada alimwona Chapa mlangoni, na kile kitabu cha sita mkononi. Akamkonyeza aondoke. Chapa angeweza kuondoka. Hakuna aliyemjua pale, na mkaguzi asingemfuata barabarani mtoto anayepita. Lakini vitabu vitano vikikataliwa na dada akakinakili chake mwenyewe na kukileta baadaye, huenda kikapita. Dada angepata cheti, naye angekwenda hospitalini na mikono yake inayotetemeka. Chapa alimpenda dada yake, na aliogopa mno. Akaingia.

"Shikamoo. Ni mimi niliyeviandika. Na hiki hapa pia."

"Marahaba." Mkaguzi alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Umewahi kupima waya wa ardhi?"

"Hapana," Chapa alisema. "Hata wao hawajawahi." Machozi yakamtoka, lakini alikuwa ameshaanza, akaona bora amalize. "Mita hazitoki kabatini. Dada yangu ana akili, si mvivu, lakini hajawahi kushika mita. Na mama yetu anafua hospitalini, mikono yake imelowa kutwa nzima. Mimi nilidhani naandika tu."

Mkaguzi aliinuka, akaenda kabatini. Alichukua mita ya kwanza, akaigeuzageuza. Nailoni yake haikuwa imefunguliwa. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

"Serikali ilileta vifaa hivi miaka miwili iliyopita," alisema. "Nani wa kunieleza?"

Mkuu alifungua kinywa, lakini mwalimu wa karakana akamtangulia. Alikuwa mzee mwenye mvi na mikono mipana ya kazi.

"Mama, nitasema mimi. Zilikuwa kumi na mbili. Moja iliungua mikononi mwa mwanafunzi. Niliandika barua tano za kujieleza. Aliyekuja kukagua mwaka jana alihesabu, akaniuliza ya kumi na mbili iko wapi, mbele ya wanafunzi wangu, kama mwizi. Nikaapa haitaungua nyingine. Nikafunga kabati, ufunguo nikautia mfukoni."

"Na hizi sahihi?"

"Zangu. Hilo sina la kujitetea."

Mkaguzi alirudi mezani, akaichukua fomu yake. "Fomu inaniuliza vifaa ni vingapi, na kama ni vizima," alisema. "Haiulizi kama vimetumika. Hilo ni kosa letu sisi, nami nitaliandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Lakini kutia sahihi uongo ni kosa lako, mwalimu, na la mkuu wako. Mtalijibu kwa maandishi."

Kisha akatoa uamuzi. Chuo hakitafungwa, maana wakikifunga wanafunzi hawatajifunza popote. Vitabu vyote vilifutwa. Vyeti vilizuiliwa kwa wiki nane, na katika wiki hizo kila mwanafunzi afanye kazi kwa vifaa halisi, kwenye majengo halisi, na aandike mwenyewe. Mita zitolewe kwenye nailoni siku hiyo hiyo. Ikiungua moja kazini, barua moja inatosha.

"Na nafasi yangu ya hospitalini?" dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hospitali haiko chini yangu, mwanangu."

Hospitali haikungoja. Wiki iliyofuata ilimwajiri mtu mwingine. Dada alilia siku nzima, na kwa siku tisa hakumsemesha Chapa. Akitaka chumvi mezani alimwomba mama, ingawa chumvi ilikuwa mbele ya Chapa. Mama aliposikia yote aliwaweka kitako wawili hao. Alimwambia dada kwamba kazi ingepatikana tena, lakini mkono ukikatika haupatikani tena. Kisha akamwambia Chapa, "Kumsaidia ndugu yako ni jambo jema, lakini ulimsaidia kuzama." Chapa akainama, na yeye akalia kwa zamu yake.

Siku ya kumi dada alirudi na mkwaruzo mkubwa kwenye kidole na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ameshinda juu ya ngazi katika shule moja, akivuta nyaya darini. Hakuweza kujizuia.

"Chapa, leo nimeipata hitilafu mwenyewe! Panya walikuwa wametafuna waya!" Akasimulia mpaka chakula kikapoa. Kununa kukaishia hapo.

Wiki nane zilipopita mkaguzi alirudi. Safari hii alikuja na fundi mkuu wa hospitali, kwa kuwa serikali ilitaka waajiri nao wawapime wanafunzi. Mama aliomba ruhusa kazini akaja, na Chapa pamoja naye. Mkaguzi alikifungua kitabu cha dada. Kilikuwa na madoa ya grisi, jalada limechanika, na mwandiko ulikuwa ule ule wa kuku.

"Ukurasa wa kumi na nne siusomi," alisema. "Unasema nini?"

Dada hakukitazama kitabu. "Siku hiyo nilikosea, mheshimiwa. Nilizima swichi kubwa lakini sikupima kwa mita. Mwalimu akanishika mkono kabla sijagusa. Kumbe mtu alikuwa amevuta waya mwingine kutoka jengo la jirani, na umeme ulikuwa bado upo. Tangu hapo sigusi kitu kabla ya kupima."

Fundi mkuu akasogea mbele. Alimpa dada mita na kumwonyesha ubao wa majaribio wenye hitilafu tatu. Dada akazima, akapima, akapima tena, akaanza kufungua skrubu. Mkono wake haukutetemeka. Hitilafu zote tatu alizipata, na ya nne ambayo fundi mkuu mwenyewe hakuwa na habari nayo.

"Mwezi ujao mtu wangu mmoja anastaafu," fundi mkuu alisema. "Uje na kitabu hicho hicho. Usithubutu kukinakili."

Mama alishika mdomo kwa mikono miwili. Mkaguzi akafunga begi lake, akamwita Chapa.

"Una mwandiko mzuri, na siku moja utakufaa sana. Lakini kazi ya mtu iandikwe na mikono iliyoifanya. Mimi nikidanganywa, nitaandika ripoti nyingine mwaka ujao, na chai yangu nitakunywa. Umeme ukidanganywa hauandiki ripoti. Unaua, na haumchagui aliyesema uongo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Na siku ile ulisema kweli ulipoweza kukimbia. Hilo nalo usilisahau."

Chapa alisema asante, akaenda kumbeba dada yake, akashindwa kwa urefu wa dada, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu ya karakana huku mama akiwaambia wainuke, wasichafue nguo.