Lebo Zilizohama

Saa mbili kasoro asubuhi, Bi Lebo alifungua friji ya famasia ya utafiti, akatazama rafu ya juu, roho ikamruka.

Mtu mwingine asingeona kitu. Chupa zilikuwa palepale, zote za kioo cha kahawia, vifuniko vimekazwa, hakuna iliyovunjika. Lakini mbili kati yake zilikuwa na lebo zenye mawimbi, kama karatasi iliyopigwa na mvuke, na kila lebo ilikuwa imekunjwa kidogo kwenye kona. Bi Lebo hakunji kona. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alibandika lebo hata kwenye kikombe chake cha chai na mwavuli wake, na wengine walidai, uongo mtupu, kwamba hata mumewe anayo mgongoni. Lebo akiibandika yeye imelala, huna pa kuishikia.

Akazipindua zile chupa mbili. Kiwandani ziliwekwa alama kwenye kitako, na katika jengo zima aliyejua maana ya alama zile ni yeye peke yake. Hazikulingana na namba za wagonjwa kwenye lebo. Mtu alikuwa amezibandua na kuzibadilisha.

"Ebo!" alisema peke yake. "Nani kaniingilia?"

Hapa inabidi tueleze kazi ya chumba kile. Hospitali ilikuwa inajaribu dawa mpya ya maji kwa watu waliokakamaa viungo. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa yenyewe. Nusu walipewa maji ya rangi ileile na uchungu uleule, yasiyo na dawa ndani. Mgonjwa hajui anakunywa ipi, daktari hajui, muuguzi hajui. Anayejua ni mfamasia tu, naye ameapa kufunga mdomo, kwa sababu mgonjwa akijua huanza kujisikia anavyotarajia, na daktari akijua huanza kuona anavyotaka. Hapo hakuna tena atakayejua kama dawa inafanya kazi.

Chupa moja ilikuwa ya mpishi mmoja mzee. Nyingine ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke kijana ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata kutunga uzi hawezi. Wote wawili walitarajiwa saa nne asubuhi ileile. Lau Bi Lebo angekuwa na haraka, mmoja wao angenyang'anywa dawa yake bila kujua. Yupi? Bi Lebo alijua. Sisi tutangoja kidogo.

Akaziweka kando zile mbili, akatayarisha nyingine mpya kutoka akiba, kisha akakaa kufikiri. Jana mchana friji iliharibika. Fundi wa friji alipoitwa, Bi Lebo alizihamishia chupa kwenye sanduku la barafu, akaliweka chumba cha chai kwa muda wa saa moja. Hakulifunga kwa kufuli. Kosa hilo lilikuwa lake, na lilimuuma. Na chumba cha chai kina birika la umeme, na mvuke wa birika hulegeza gundi.

Alianza na msaidizi wake.

"Jana friji ikitengenezwa, nani aliingia kunywa chai?"

"Mimi niliingia, nikatoka," alisema msaidizi. "Daktari alifuata miwani yake. Muuguzi naye alikuwemo, birika linachemka. Na fundi wa friji aliomba maji ya kunawa. Kwani kuna nini, Bi Lebo? Mbona umekunja uso hivyo?"

"Hakuna kitu. Endelea na kazi."

Akapanda ghorofani kwa daktari mkuu wa utafiti, mtu mwenye haraka siku zote. Mwezi mzima alikuwa akimsumbua Bi Lebo kwa mzaha ambao haukuwa mzaha: nidokezee tu, mpishi anakunywa ipi?

"Lebo mbili zimebadilishwa," Bi Lebo alimwambia. "Na wewe uliingia chumba cha chai."

Daktari akavua miwani. "Unanishuku mimi?"

"Namshuku kila aliyeingia, mimi nikiwa wa kwanza."

"Mama, utafiti huu nimeuhangaikia miaka. Nauliza uliza, ndiyo, nina kiherehere. Lakini nichanganye chupa? Ningekuwa najikata mkono mwenyewe."

Maneno yaliingia akilini. Hata hivyo mtu mwenye maneno mazuri si lazima awe na mikono safi, kwa hiyo Bi Lebo hakumfuta kwenye hesabu zake.

Akashuka kumwona rafiki yake, muuguzi wa utafiti. Hawa wawili walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku, wakicheka hadi watu wa maabara wakagonga ukuta. Alimkuta anambandua mgonjwa plasta mkononi. Alishika ncha ya plasta na ikatoka mara moja, mgonjwa hakusema hata "ai".

"Mkono wako mwepesi," alisema Bi Lebo.

"Ukiiwekea pa kushikia haisumbui," alijibu muuguzi akicheka. Kisha alipomwona rafikiye hacheki, naye akaacha. "Kuna nini?"

"Njoo famasia saa tatu na nusu. Nawaita wote."

Alipanda ngazi polepole. Moyo wake ulikuwa mzito, na alijua kwa nini, ila hakutaka kujua. Alitamani iwe ni daktari. Alitamani hata awe fundi wa friji, maskini, mtu asiye na hili wala lile.

Saa tatu na nusu wote walikuwepo: daktari akitazama saa, msaidizi akiuma kucha, muuguzi, na fundi wa friji aliyekuwa amerudi kuangalia kama mashine inashika baridi. Mezani palikuwa na chupa nne tupu na lebo nne.

"Lebo zangu zinanisumbua," alisema Bi Lebo. "Kila mmoja anibandikie moja, nione."

"Yaani umenitoa wodini kwa ajili ya hili?" alisema daktari, lakini akabandika. Ikaenda mshazari kama njia ya mlevi. Msaidizi alibandika yake ikalala vizuri, maana alifundishwa humohumo. Fundi alibandika akaacha alama ya kidole cheusi cha grisi, akaomba radhi. Muuguzi alichukua lebo, akaituliza kwenye kioo, na kabla ya kuikandamiza mwisho, kidole chake cha gumba kikakunja kona.

Hakuwa hata anatazama. Alikuwa anamwangalia Bi Lebo.

Bi Lebo akatoa zile chupa mbili za friji, akazisimamisha kando ya ile ya muuguzi. Kona tatu zilizokunjwa, zote namna moja.

"Ndugu yangu," alisema Bi Lebo, "mkono wako umezoea plasta."

Muuguzi akavuta kiti, akakaa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Fundi cherehani ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Ulisema huna ndugu katika utafiti!" daktari alifoka.

"Nilisema uongo. Mngenitoa, na nilitaka niwe karibu naye." Akamgeukia Bi Lebo. "Wewe unakaa na chupa. Mimi nakaa na watu. Kila wiki namwona mpishi anafungua vidole, anakunja ngumi, anatuchekea. Mdogo wangu hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake. Sasa mwenye dawa ni nani, si inaonekana? Nikasema nimpe na yeye. Basi."

"Na mpishi?" aliuliza Bi Lebo.

Muuguzi akainamisha kichwa, akafuta machozi.

Akamshika Bi Lebo mkono. "Najua unga wangu umemwagika. Sijali. Niambie tu kitu kimoja, kwa chai yote tuliyokunywa: ningemsaidia, au ningemnyang'anya?"

Na hapa ndipo tulipoahidi. Aliyekuwa na dawa ni fundi cherehani. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ikifanya kazi taratibu. Mpishi alikuwa akinywa maji machungu, na nafuu yake ilikuja yenyewe, kwa sababu mwili una mambo yake, na ndiyo maana watu wazima na akili zao huhangaika na chupa zinazofanana. Lau si macho ya Bi Lebo, saa nne hiyo dada mtu angempokonya mdogo wake dawa, kwa mapenzi.

Bi Lebo alikuwa na jibu mdomoni. Akalimeza.

"Siwezi," alisema.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Fundi cherehani alikuwa amefika mapema, na alikuwa amesikia.

"Dada," alisema, "kumbe miezi yote hii nakunywa maji? Kama wewe wa humu ndani umeona hivyo, mimi nangoja nini?" Akaanza kurudi nyuma. "Naenda zangu nyumbani."

Bi Lebo akasimama. Kama yule binti angeondoka, angeikosa dawa. Kama angeambiwa ukweli, utafiti mzima ungeharibika palepale.

"Mwanangu, kilichomo sitakuambia. Dada yako naye alikisia tu, hajui. Ninachokuambia ni kwamba chupa hii nimeitayarisha kwa mkono wangu asubuhi hii, ni yako, na hakuna mwingine aliyeigusa."

Fundi cherehani akamgeukia dada yake.

"Ungempa mpishi yangu, mimi unipe yake?"

"Ndiyo."

"Yule mzee anapikia wajukuu, dada. Mikono yake nayo ni mikono." Akasogea mezani, akanyoosha vidole vyake vilivyopinda. "Nipe iliyo na namba yangu, mama. Ya mtu siitaki."

Bi Lebo akaiweka chupa katikati ya viganja vyake. Muuguzi alikuwa ameinua kichwa, anamkodolea macho rafiki yake, anatafuta usoni pake dalili yoyote, tabasamu, chozi, chochote.

Bi Lebo akawapa mgongo. Akafungua friji, akaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, na akabaki pale, baridi ikimpiga usoni, hadi aliposikia nyayo za wale ndugu wawili zimefika mwisho wa korido.