Nusu ya Somo

Siku za mwisho wa Shaabani, sokoni Marikiti hapapatikani pa kutia mguu. Mji mzima umeshuka kununua tende, tambi na viungo vya Ramadhani. Katikati ya msongamano huo Gunga, karani wa lango katika bandari ya Kilindini, alikuwa ameinamia rundo la mapapai, akibonyeza moja baada ya jingine.

"Bwana wewe, hilo la mkononi umelibonyeza mpaka limeiva," sauti ikamwambia kando yake.

Aligeuka akamwona msichana mwenye buibui jeusi lililotariziwa uzi wa fedha mikononi na mtandio wa zambarau. Harufu yake ya udi ilishinda bizari zote za soko. Macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka.

"Basi nichagulie wewe," Gunga akasema. "Nampelekea mama Mariakani, na mama hasamehe papai bovu."

Alimchagulia. Jina lake lilikuwa Mwanakuu, mzaliwa wa Mji wa Kale, akikaa na shangazi yake ghorofani nyuma ya Ndia Kuu. Kazi yake ilikuwa mapokezi katika nyumba ya wageni wa kizungu. Muuzaji alipomaliza kulifunga lile papai, Gunga alishaipata nambari yake ya simu.

Ramadhani nzima walipigiana simu baada ya futari. Gunga alikuwa akimuuliza kama amekula, naye akijibu amekula ila hajashiba, maana hajaisikia sauti yake. Baada ya Idi wakawa wanakutana jioni, wakitembea pamoja, Mwanakuu akimcheka Gunga kwa Kiduruma chake kilichojificha ndani ya Kiswahili. Gunga alipenda kumwelezea nyumba watakayojenga, na watoto watakaoijaza mpaka majirani walalamike. Mwanakuu alikuwa akicheka. Ikafika siku hakucheka, akageuza maneno, na Gunga hakulitia hilo maanani. Alichokigundua ni kwamba kila Alhamisi mchana simu yake huwa imezimwa.

Wakati huo Gunga alikuwa anasoma Kiingereza. Alikuwa ameahidiwa kuhamishiwa ofisi inayoshughulikia manahodha wa meli za kigeni, akawa anahudhuria darasa la watu wazima huko Bondeni, kwa mwalimu mmoja mama, Awiti. Jumatano moja Mwalimu Awiti aliandika ubaoni kitenzi kimoja tu, 'see', akawaambia wasikidharau kwa ufupi wake. Kina maana ya kuona kwa macho. Kina maana ya kuelewa. Kina maana ya kumsindikiza msafiri, na ya kuhakikisha jambo limefanyika. Kila maana akaipa kitenzi kingine cha kukaa mahali pake. Mwisho akasema mtu akikwambia 'I'm seeing' fulani, angalia sana, huenda fulani huyo ni mpenzi wake. Darasa likacheka, saa ikaisha, naye akasema nusu iliyobaki wataimaliza wiki ijayo.

Kesho yake, Alhamisi, Gunga alitoka kazini mapema akapita nyumba ya wageni kumshtukiza. Mlango ulikuwa wazi. Mwanakuu alikuwa ameupa mgongo, akizungumza na meneja wake kwa simu, kwa kile Kiingereza chake laini ambacho Gunga alikuwa akikihusudu.

"I'm still seeing Doctor Nicodemus," alimsikia akisema. "Every Thursday."

Kila neno Gunga alilielewa. Alisimama pale mpaka Mwanakuu akaweka simu na kugeuka.

"Nicodemus ni nani?"

Mwanakuu alishtuka, uso ukamwiva. "Ni mtu tu. Nitakueleza siku yake ikifika."

"Imeshafika," Gunga akasema, akatoka.

Jioni ile simu ililia mara nyingi juu ya meza, jina lake likiwaka na kuzimika. Gunga aliitazama tu. Hatimaye akaifunga nambari ile isimfikie tena, akalala akiwa na hakika kwamba amejiokoa na fedheha.

Miezi miwili ilipita. Aliacha kwenda Bondeni, akakonda, akawa mkali kwa madereva langoni. Mwende, karani mwenzake aliyesoma naye darasa lile, ndiye aliyemvuta arudi, akimwambia nafasi ya ofisini itamponyoka. Jioni aliyorudi Mwalimu Awiti alikuwa anadurusu, na ubaoni kilikuwapo kile kile kitenzi kifupi. Mwende aliuliza kama mtu anaweza kusema 'I'm seeing a doctor' bila watu kumfikiria vibaya.

"Kwani atasema vipi?" Mwalimu akashangaa. "Huyo yuko kwenye matibabu. Hata yakiendelea mwaka mzima, hata akimtaja daktari kwa jina, atasema hivyo hivyo. Tulilifanya hili katika ile nusu ya pili."

Gunga aliinuka. Kiti kikaanguka nyuma yake, naye hakukiokota. Ngazini alimpigia Mwanakuu. Nambari haikuwa inatumika tena. Akaenda mbio kwa miguu mpaka Mji wa Kale.

Shangazi ndiye aliyefungua mlango wa chini. Gunga alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa adabu, bila kumkaribisha.

"Wamtaka nani?"

"Namtaka Mwanakuu, shangazi. Nimekosa."

Mama yule alimtazama kitambo, kisha akasogea kando. "Panda. Usimchoshe. Ametoka hospitali juzijuzi."

Mwanakuu alikuwa amekaa kitandani, amejifunga leso kifuani, mgongo kwenye mto. Alikuwa amepungua hata shingo. Alimwonyesha kiti, akamweleza taratibu, kana kwamba ni habari za mtu mwingine. Alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Daktari alimwekea njia mbili: kuutoa uvimbe peke yake na kuuacha mfuko, upasuaji mgumu wa damu nyingi, au kuutoa mfuko wote, na kuzaa ndiyo basi. Kila Alhamisi alikuwa akienda kupimwa kama ile ya kwanza yawezekana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nije na la kukwambia. Na alisema yawezekana, Gunga. Aliniambia Alhamisi ile ile uliyonikuta kwenye simu, wewe ulipokwisha kuondoka. Jioni nikakupigia."

Gunga alifunika uso. Hakuwa na haja ya kuuliza lililofuata, lakini Mwanakuu alilimaliza: alipoona hapokelewi wala hatafutwi, alijiuliza anaihatarisha roho yake kwa ajili ya nani. Akamwambia daktari atoe vyote.

"Nitakuoa hivyo hivyo," Gunga akasema. Alikuwa analia sasa. "Kesho nitaleta wazee. Watoto siwataki. Nakutaka wewe."

"Leo wasema hivyo. Je, siku utakaposikia neno jingine usilolielewa?"

"Nitakuuliza."

"Na mimi nitakuwa nasubiri kila siku uniulize. Sina hasira na wewe. Nilikuwa nazo, zimekwisha. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba zimekwisha. Nikipata nguvu nakwenda Lamu kwa dada yangu. Usinifuate."

Chini barabarani muuza maji alikuwa amefika na mkokoteni. Mifereji ya mtaa haikuwa ikitoa maji. Shangazi aliita kwamba mitungi iko mlangoni. Mwanakuu akatia mkono kitandani kujiinua, kwa mazoea, kisha uso ukamkunjamana kwa maumivu akarudi kuegemea mto.

Gunga alishuka. Alipandisha mitungi yote, ngazi zile nyembamba, akalijaza pipa la jikoni na ndoo ya msalani, akaifuta sakafu palipomwagika. Hapakubaki kitu kingine cha kufanya. Alisimama mlangoni pa chumba, mikono ikimdondoka maji.

"Ahsante sana, kaka," Mwanakuu akamwambia.

Gunga aliitikia kwa kichwa, akashuka.