Vidonge vya Mkamwana

Mwili ulilala kwenye saruji, chini ya roshani ya ghorofa ya tatu. Mwanamke mjamzito, mshonaji, tepu ya kupimia ingali shingoni. Inspekta alivua kofia. Miaka ishirini kazini, na bado hajazoea.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," sajini alinong'ona, akimtupia jicho mume. "Majirani wamesikia kelele."

Inspekta alimgeukia mume, fundi umeme.

"Mligombana?"

"Hapana! Alisema kuna watu ukutani. Siku tisa hakupata usingizi. Nilikimbia kumwita daktari wake, kurudi..."

"Daktari gani?"

"Wa maradhi ya akili. Lakini kabla ya hapo alikuwa ametulia kabisa, afande. Dawa alimeza kila asubuhi, nikiona kwa macho yangu."

Inspekta aliichukua chupa ya dawa, akaipeleka maabara. Siku ya tatu maabara ikajibu. Mwilini hamkuwa na dalili ya kupigana. Kwenye damu, hata chembe ya dawa ile haikuwemo. Vidonge vya chupani vilikuwa vitamini tupu.

"Nani hujaza chupa hii?"

"Mama," mume alisema polepole. "Ni mkunga mstaafu. Tulimwachia yeye."

Walimkuta mama mtu jikoni, akikunja nepi mpya.

"Mama, dawa za mkamwana wako ziko wapi?"

Hakubabaika. Alishusha kopo kutoka kabatini. Vidonge vya miezi miwili vilikuwamo.

"Ningemrudishia akishajifungua."

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Mwanangu, niliwahi kuzalisha mtoto mwenye uti wa mgongo wazi. Mama yake alikuwa akimeza dawa za kifafa. Nikaapa, kwangu halitokei. Nikampa vitamini, ajenge damu."

"Ulimuuliza daktari?"

"Nimezalisha miaka thelathini, nikamuulize kijana yule?" Akalitazama kopo. "Sikumuuliza."

Inspekta alifungua faili la hospitali. Mimba ilipoanza, daktari alibadilisha dawa, akachagua inayomfaa mjamzito huyu. Vitamini aliziandika pia, zimezwe pamoja nayo. Chini, kwa wino mwekundu: asiiache bila kuniona. Alimsomea yote, na moyo wake ulimuuma kumsomea.

"Na mtoto?" mama aliuliza. "Waliompasua walimwona? Alikuwa..."

Inspekta alitamani kudanganya.

"Mzima, mama. Viungo vyote. Wa kike."

Mlangoni, mume alikuwa amesikia kila neno. Aligeuka akatoka bila kumtazama mama yake.