Kazi Yangu Yote Ilikuwa Kwenye Akaunti ya Mwanaume

Nina miaka thelathini na sita, ni mpima ardhi wa kujitegemea, naishi Shirimatunda, nje kidogo ya mji wa Moshi. Sina mume. Niliyekuwa namwita mume hakustahili hata kuitwa jirani, na mnisamehe wasomaji wenzangu, nikifika kwake sitakuwa na maneno matamu. Yameniishia!

Kazi yangu ni kupima viwanja na vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, kisha nachora ramani na kuandika ripoti. Sina ofisi wala bosi. Mali yangu ni vifaa vya kupimia, kompyuta na mafaili. Bila mafaili, mimi ni mwanamke aliyebeba fito tu.

Godlisten nilimpata miaka sita iliyopita. Alikuwa anaongoza watalii mlimani, na alikuwa na tabia ya kusimama mbele ya bucha akizungumza Kiingereza kwenye simu kwa sauti kubwa, ili wanunuzi wa nyama wajue kuwa yeye ni mtu wa maana. Mimi, msomi mzima, nikaona huyo ndiye mwanaume! Sijui nilikuwa nimerogwa na nini...

Siku moja kompyuta yangu ilijaa. Akanicheka. "Manka, bado unahangaika na flashi kama karani wa ushirika? Weka mtandaoni!"

Yeye alikuwa analipia hifadhi kubwa ya mtandaoni kwa ajili ya picha zake za mlimani. Akanifungulia folda humo, akaiandika "Kazi za Manka." Barua pepe ya akaunti ilikuwa yake. Namba ya simu ya kuthibitisha ilikuwa yake. Mimi nikapewa neno la siri, nikafurahi. Wenzangu wanavishwa pete, mimi nilipewa folda!

Nisiwe mwongo, kazi ilirahisika. Ningekuwa katikati ya migomba kule Masama, nafungua ramani kwenye simu, namtumia mteja kabla sijafika barabarani. Nikaiweka kompyuta ifute kila kilichokwisha kupanda mtandaoni ili isijae tena. Simu nayo hivyo hivyo. Nikasahau kabisa kwamba kila nilichokipima kwa jasho langu kilikuwa kinalala nyumbani kwa mtu mwingine.

Ndipo akaja Bibi Aika. Ni mjane wa Masama, ana kahawa, migomba na ng'ombe wawili. Mumewe alipofariki, shemeji yake, Mzee Eliamani, alianza kuunyemelea mpaka. Bibi akaniita nipime mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Mpaka wenyewe ulikuwa masale, ile mimea ambayo kwetu Uchagani ndiyo hati. Nilipima sale hadi sale, nikapiga picha kila moja, Bibi akisimama pembeni yake na kitenge chake, ameshika kiuno. Kaburi la mumewe lilikuwa ndani ya mpaka wake, hatua chache tu.

Nilipotaka kumletea nakala ya karatasi alikataa. "Kaa nazo wewe, mwanangu. Kwangu zitaliwa na mchwa."

Nami nikajibu kwa maringo: "Bibi, hizi haziliwi na mchwa. Ziko mtandaoni."

Kama ningejua!

Miezi michache baadaye nilifungua hifadhi ile kutafuta ramani ya kiwanja. Badala ya ramani nikakutana na picha mpya zilizopanda zenyewe kutoka simu ya Godlisten. Alikuwa Holili, amevaa suti, wajomba zake wamebeba pombe ya mbege, na pembeni amekaa mwanamke mwenye duka la vipodozi. Ilikuwa posa! Mwanaume anaposa kwa siri, na picha anazipeleka mwenyewe kwenye akaunti anayotumia pamoja na mkewe... Hata usaliti wenyewe aliufanya kijinga!

Niliondoka nyumbani kwake siku hiyo hiyo na nguo zangu na vifaa vyangu. Kufika jioni, akaunti ilikataa neno la siri. Alikuwa ameshalibadilisha. Nikijaribu kulirejesha, namba za uthibitisho zilikwenda kwenye simu yake.

Ningefanya nini? Nilipaswa kuwapigia wateja wangu wote na kuwaambia ukweli. Sikufanya. Niliona aibu, nikaanza kazi upya kimya kimya, kana kwamba miaka minne ya kazi kwenye folda ile haikuwahi kuwapo.

Karibu miezi miwili ikapita, Bibi Aika akapiga simu. Alikuwa analia. Alipotoka ibada ya Jumapili alikuta masale yameng'olewa yote. Mzee Eliamani alikuwa amepanda mengine, hatua kumi na mbili ndani ya shamba lake. Kaburi la mumewe lilikuwa limehamia upande wa shemeji! Baraza la ardhi lingeketi baada ya mwezi.

"Lakini wewe zile picha unazo, mwanangu?"

Nikajibu: "Ninazo, bibi. Usiwe na wasiwasi."

Wasomaji, hapo ndipo ninapojidharau mimi kuliko ninavyomdharau Godlisten. Yeye alikuwa bwege. Mimi nilisema uongo kwa mjane.

Nilimfuata Godlisten, nikamkuta anakula nyama choma. Yule wa Holili alikuwa ameshamtimua. Inaonekana alikuwa na macho kuliko mimi. Akaniambia mafaili yangu yapo salama, nirudi nyumbani kwanza, tutaongea.

Nikarudi. Ndiyo, nilirudi! Siku kumi na tisa nilimpikia, nikamsugulia matope kwenye buti zake za mlimani, nikachekea hadithi zake za watalii ambazo nilishazisikia mara mia. Kila nikiuliza anasema kesho. Kesho, kesho... Nilijiambia ni kwa ajili ya Bibi Aika. Kumbe nilikuwa naficha uongo wangu.

Siku ya ishirini alinipa simu yake nimchagulie picha nzuri ya tangazo. Nikaingia kwenye hifadhi. Folda yangu haikuwapo. Nikatafuta kwenye vilivyofutwa, hakuna. Mahali pake palijaa video: Godlisten akicheza kileleni, Godlisten akila ndizi, Godlisten akivua miwani.

Nikamuuliza. Hata hakuinua kichwa. "Nafasi ilikuwa imejaa. Wiki ile ulipoondoka nikafuta. Si ni michoro tu?"

Yaani aliniita nirudi kwa kitu ambacho alikuwa ameshakifuta! Nilimtazama nikaona jinsi alivyo mdogo, mdogo kabisa, nikachukua begi langu. Buti moja ilikuwa bado na matope, nikaiacha hivyo.

Nilipanda Masama siku ile ile. Nilimkuta Bibi Aika anakata majani ya ng'ombe kwa panga. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote, nimepiga magoti. Alimaliza kufunga mzigo wake wa majani.

Kisha akasema: "Mzee aliyepanda yale masale pamoja na marehemu alikuwa hapo jirani. Wiki mbili zilizopita mwanawe alikuja kumchukua, amempeleka Mwanza, kichwa chake sasa hakikumbuki vizuri. Nilitaka aandikishe ushahidi kabla hajaondoka. Nikamwacha aende. Wewe uliniambia unazo."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga na lile panga!

Barazani niliulizwa vipimo viko wapi. Nikasema vilikuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, vimefutwa. Vimefutwa na nani? Nikasema, na niliyekuwa namwita mume. Mzee Eliamani alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na mashahidi wanne, wote watu wa nyumbani kwake. Baraza likaamua kwa kile kilichoonekana mbele yake: masale mapya na mashahidi wanne.

Leo Bibi Aika akitaka kufagia kaburi la mumewe anapiga hodi kwa shemeji. Wakati mwingine anafunguliwa. Wakati mwingine anaambiwa wenyewe hawapo, na sauti zao anazisikia ndani.

Godlisten naye? Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kuniuliza kama najua namna ya kuongeza nafasi, maana imejaa tena. Sikumjibu.

Wasomaji wenzangu mnaojiajiri, mafundi, wapiga picha, wachoraji, sisemi msiweke kazi mtandaoni. Mimi bado naweka. Lakini akaunti iwe yako, barua pepe yako, namba yako, neno la siri lako. Uwe na nakala nyingine nyumbani, na mteja apewe karatasi yake hata akiikataa. Anayekupenda kweli hataudhika ukimwambia kazi yako ina mlango wake. Akiudhika, umeshamjua.

Na ikitokea umepoteza kitu cha watu, nakuomba sana, sema siku hiyo hiyo! Sema huku unatetemeka, lakini sema. Mimi nilichelewa, na aliyelipa ni bibi wa watu.