Bibi Harusi Aliyeliliwa Mtera

"Vua hilo jaketi, mpenzi. Linakuharibia gauni."

"Damas, mwenye boti kasema tusiyavue kabisa."

"Mwenye boti yuko nchi kavu anakunywa chai. Vua nikupige picha moja tu, halafu utavaa."

Elieth akacheka, akalivua jaketi la kuokolea. Ukipenda, unaambiwa vua nawe unavua. Damas akampiga picha, si moja kama alivyosema, maana huyo bwana kwa picha alikuwa hashibi. Simu yake aliining'iniza shingoni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Jaketi lake mwenyewe hakulivua.

Harusi yao ilikuwa mwezi unaofuata. Wote wawili walikuwa watumishi wa serikali Dodoma, wakachukua likizo pamoja, wakakodi boti ya faiba yenye injini. Wakawa wanazunguka bwawa la Mtera kutoka mwalo mmoja wa wavuvi hadi mwingine, wakigawa kadi kwa ndugu za Damas wanaoishi kwa uvuvi, na kulala kwenye vigesti vya pembeni ya maji. Mwenye boti aliwataka wachukue na nahodha. Damas akakataa, akasema hawezi kumbusu mchumba wake mbele ya mzee wa watu.

Siku hiyo walikuwa wanaelekea mwalo wa Kisima, kwa Mjomba Nikodemo. Katikati ya boti walikuwa wamemfunga mbuzi dume, kwa sababu kwa Wagogo mjomba hapelekewi habari ya harusi mkono mtupu.

"Ngoja nimvalishe mbuzi," Damas akasema, akaokota jaketi la Elieth.

"Wewe Damas, una wazimu!"

"Naiweka stetasi. Mshenga anawahi harusi."

Akamfunga mbuzi lile jaketi kifuani, mikanda yote. Mbuzi akalia, Elieth akacheka mpaka machozi yakamtoka. Video ikachukuliwa. Hakuna aliyekumbuka kulifungua tena.

Ule ulikuwa wakati wa kiangazi, na Mtera kiangazi maji hushuka. Miti iliyozama bwawa lilipojengwa huanza kutoa vichwa, na mingine hubaki imejificha chini kidogo tu ya maji. Wavuvi wana njia yao, wanaijua. Mchana upepo ulipoanza kuvuma na mawimbi kuumuka, Damas akaona njia ya wavuvi inazunguka mno.

"Tunakata hapa katikati," akasema, akaongeza mwendo.

"Damas, mbona boti zote zinapita kule?"

"Hao wanaendesha mitumbwi. Hii ni injini, mama."

Kishindo cha boti kugonga mti uliozama Elieth hakukisikia vizuri. Alichokijua ni kwamba boti iliruka upande, anga likageuka, na maji ya baridi yakamjaa mdomoni. Alipoibuka, boti ilikuwa imepinduka na upepo unaisukuma mbali. Mbuzi, kamba imemkatikia, alikuwa anaelea upande wa kushoto, kichwa juu, jaketi limemshika sawasawa. Naye Damas alikuwa anaelea karibu yake kabisa.

Elieth hakujua kuogelea. Mtoto wa Mpwapwa angejifunzia wapi? Akapiga maji kwa mikono, akaukamata mkanda wa jaketi la Damas.

"Damas! Nishike!"

"Niachie!"

"Damas, nazama!"

"Niachie, tutakufa wote!"

Akambandua vidole. Hakufanya kwa bahati mbaya, wala kwa kupapatika. Alivibandua kimoja kimoja, na kile cha mwisho kilipogoma akakikunja nyuma mpaka Elieth akapiga yowe na kuachia. Kisha akageuka, akaanza kuogelea kuelekea ufukweni. Hakutazama nyuma.

Kilichomwokoa Elieth ni kisiki. Wimbi lilimbamiza juu yake, mti mkavu wenye tawi moja lililochomoza, akaukumbatia kwa mikono na miguu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Alimwona Damas akizidi kuwa mdogo kwenye maji. Akajiambia, anakwenda kuleta watu. Ndiyo, anakwenda kuleta watu. Alilishika hilo wazo kama alivyokishika kisiki, kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Na watu kweli walikuja. Jua lilikuwa bado halijazama alipousikia mlio wa injini, akapunga mkono. Waliomo wakapunguza mwendo ghafla. Mmoja akashika kichwa.

"Yesu wangu! Mbona yuko hai?"

Wakampakia, wakamfunika koti. Aliyekuwa anaendesha aliitwa Zablon, mtu mzima mwenye sauti ya pole.

"Pole, dada. Pole sana."

"Asanteni. Damas ndiye amewaleta?"

Zablon akamtazama mwenzake kabla ya kujibu.

"Dada, utusamehe. Sisi tulitoka kutafuta maiti. Hapa kwetu mtu akifia majini, hakuna anayeshusha nyavu mpaka apatikane. Ndiyo maana tumetoka wote."

"Maiti ya nani?"

"Yako, dada. Mwenzako kasema ulizama mikononi mwake. Kasema alikushika mpaka nguvu zikamwishia, akakuona unakwenda chini."

Elieth akakitazama kidole chake kilichoanza kuvimba.

Pale mwalo wa Kisima kilio kilikuwa kimeshaanza. Wanawake walikuwa wameketi chini, Mjomba Nikodemo kajifunga shuka kiunoni, na Damas yuko katikati yao kajifunika blanketi, anapigwa mgongo na kupewa chai. Boti ilipofika na Elieth akashuka kwa miguu yake, kilio kikakatika, halafu vigelegele vikapasua mwalo mzima.

Damas aliinuka. Elieth alimwona vizuri. Kabla ya kukimbia, kabla ya kulia, kabla ya kuita jina lake, macho ya Damas yalikwenda kwenye mkono wake, kwenye kile kidole kilichovimba. Ndipo akamkimbilia.

"Mpenzi wangu! Mungu mkubwa! Mungu mkubwa!"

Akamkumbatia huku analia, na watu wote wakalia naye. Elieth alisimama tu, mikono yake imening'inia.

"Mama yangu amejua?" akauliza.

Mjomba Nikodemo akainamisha kichwa.

"Amejua, mwanangu. Damas alimpigia kwa simu yake, alipotoka tu majini. Tulimwambia asubiri kwanza tukatafute. Akasema hakuna cha kusubiri."

Usiku huo Elieth alipewa simu ya Zablon azungumze na mama yake. Mama Ruthu hakuamini. Alimtaka amtajie jina la bibi yake mzaa baba, na la ng'ombe aliyeuzwa ili Elieth aingie sekondari. Aliposadiki, alilia tu mpaka salio likaisha. Alipopokea ile simu ya kwanza alikuwa ameanguka uani, akapasuka juu ya jicho.

Asubuhi yake, Nasra, rafiki yake wa ofisini na katibu wa kamati ya harusi, akamtumia kwa simu hiyohiyo picha za mazungumzo ya kundi lao la WhatsApp. Damas alikuwa ameandika:

"Ndugu wanakamati, kwa masikitiko makubwa nawataarifu mpendwa wangu Elieth ametutoka leo kwa ajali ya boti. Nilimshika hadi pumzi yake ya mwisho. Niombeeni."

Chini yake zilifuata pole na mishumaa mpaka zikachosha. Muda si muda mtu alikuwa ameshabadilisha jina la kundi, kutoka "Harusi ya Damas na Elieth" kuwa "Msiba wa Elieth". Watu wetu kwa hilo hawana mpinzani. Mmoja aliuliza kama michango ya harusi ihamishiwe kwenye jeneza au ikusanywe upya, na wawili walikuwa wameshaanza kubishana.

Damas alimfuata kituo cha afya, alikofungwa kidole. Walikuwa wawili tu chumbani.

"Elieth, hunitazami."

"Nakutazama. Niambie kilichotokea."

"Unajua kilichotokea, mpenzi. Tulipata ajali, Mungu akatuokoa."

"Damas. Tuko wawili tu hapa."

Damas akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akaweka uso viganjani, akalia kilio ambacho hakikuwa na mtu wa kukisikia isipokuwa yeye Elieth. Kile kilikuwa kilio cha kweli.

"Niliogopa," akasema. "Sijui nini kiliniingia. Uliponishika nikaona nazama, nikaona nakufa. Nilipofika nchi kavu nikaona siwezi kuwaambia watu nimekuacha unaniita. Nikasema umekufa. Nilidhani umekufa, Elieth, naapa."

Elieth alimpenda mtu huyu. Hilo lisemwe wazi, maana wengine baadaye walidai alikuwa anatafuta sababu. Alimpenda tangu walipokuwa chuo, na moyo wake hata pale kitandani ulikuwa unatafuta mlango wa kumrudishia.

"Sikiliza," akasema. "Kuogopa nakusamehe. Mtu yeyote anaogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini ulinizika nikiwa hai, Damas. Ulimpigia mama yangu. Kama watu wale wasingekuwa na desturi yao, ningelala juu ya kile kisiki, na kesho yake ningekuwa maiti kweli, na wewe ungekuwa mfiwa mwenye kusifiwa."

"Nisamehe."

"Jumapili nyumbani wanafanya ibada ya shukrani. Mama atakuwepo, mjomba wako atakuwepo, kamati yote. Watakupa nafasi uongee. Sema ukweli. Sema, 'niliogopa nikamwacha, kisha nikasema uongo.' Basi. Ukisema hivyo, harusi iko palepale, na atakayekucheka nitamjibu mimi."

"Mbele ya watu wote?"

"Walinililia wote."

Damas akamshika mkono ule mzima, akaubusu.

"Nitasema. Nakuahidi."

Jumapili uani kwa Mama Ruthu, Mpwapwa, palijaa. Turubai lilelile lililokuwa limeagizwa kwa msiba ndilo lililofungwa kwa shukrani. Pilau lilinukia mtaa mzima. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, Zablon na wenzake wakasimamishwa wakapigiwa makofi. Kisha mwenyekiti wa kamati akamkaribisha bwana harusi.

Damas akasimama. Suti yake ilikuwa mpya. Alimtazama Elieth, na Elieth akamtikisia kichwa, kumtia moyo.

"Ndugu zangu," Damas akaanza, "kuna jambo nataka niseme kuhusu siku ile."

Watu wakasogeza viti wapate kumsikia.

"Siku ile nilijifunza..." akasita. Akawatazama wakubwa zake wa kazi waliokaa mstari wa mbele, na mama yake aliyekuwa anatabasamu. "Nilijifunza thamani ya mke. Nilimshika Elieth kwenye mawimbi yale mpaka mikono ikafa ganzi. Wimbi likaninyang'anya. Nikasema Bwana, nichukue mimi, mwache yeye..."

Vigelegele. Makofi. Mama mmoja nyuma akajifuta machozi na kanga. Mama Ruthu mwenyewe, plasta juu ya jicho, alikuwa anatikisa kichwa kwa shukrani.

Elieth akasimama. Watu wakadhani anakwenda kumkumbatia.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi sikunyang'anywa na wimbi."

Akainua mkono wenye kidole kilichofungwa.

"Nilishika mkanda wa jaketi lake. Alinibandua vidole, hiki kikakataa akakivunja. Akaniambia niachie. Mbuzi alikuwa na jaketi, bwana harusi alikuwa na jaketi, bibi harusi hakuwa nalo. Nikamwita mpaka nikakosa sauti. Alinisikia. Alikiri mwenyewe juzi, nikamwambia nimemsamehe, nilichomwomba ni kimoja tu: leo aseme."

Mjomba Nikodemo akainuka taratibu.

"Damas. Mimi ndiye niliyekupa blanketi. Ni kweli?"

"Mjomba, amepata mshtuko, daktari alisema..."

"Sikuulizi habari ya daktari. Ulimbandua mkono?"

Damas akatazama huku na huku kama mwenye kutafuta mlango. Kisha ikamtoka kwa hasira:

"Sasa mlitaka tufe wote? Mngefurahi mkizika wawili? Nani hapa angefanya tofauti? Nani?"

Mama Ruthu akaliinua sufuria la pilau lililokuwa karibu naye, akalirudisha jikoni, na watu wakaelewa kwamba shughuli imekwisha.

Elieth akavua pete kwa shida, maana ilikuwa kwenye mkono uleule uliovimba, akampa Mjomba Nikodemo na si Damas.

"Shikamoo, mjomba. Na nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Wewe huna la kusamehewa."

Lawama zilikuwepo, zingekosaje? Shangazi yake Anjelina alinuna, akasema wanaume wote ndivyo walivyo, kadi zimeshagawiwa, binti amejivua nguo mbele ya wageni. Kamati ikagombana.

Damas alipiga simu kila siku. Mara moja tu Elieth alipokea.

"Elieth, mpenzi wangu, nipe nafasi moja. Nitakwenda kanisani nitasema kila kitu. Nitaandika kwenye kundi. Bado nakupenda."

"Damas, nilikusubiri useme kabla sijasema mimi. Nilisimama pale nakuombea useme."

"Najua. Lakini bado mimi ni mchumba wako."

"Mchumba wako alikufa bwawani. Ulimwambia mama yake wewe mwenyewe. Endelea na msiba wako."

Akakata simu, akaizima, akaingia jikoni kumsaidia mama yake kusonga ugali.