Mahali ya Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya chai, Pius Mashimba alilifuta gitaa lake. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalinyanyua kidogo kuhisi uzito, akalilaza mezani na kufungua kufuli kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Kisha alipitisha kitambaa laini kwenye nyuzi zote nne, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi.

Jumanne hiyo alinyanyua sanduku, uzito ukawa ule ule. Akafungua.

Ndani mlikuwa na mchi wa kutwangia, umezungushiwa kitenge.

Ukelele wake uliwatoa nje majirani wa Mabatini wakiwa na miswaki mdomoni.

Inspekta Odeta Nestory alifika na Konstebo Obedi, kijana aliyehamishiwa Mwanza kutoka Morogoro hivi karibuni. Walikagua chumba. Mlango haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Kufuli la sanduku lilikuwa zima.

"Uliliona lini mara ya mwisho?" Odeta aliuliza.

"Jana asubuhi. Nikalifuta, nikalifunga."

"Ufunguo?"

"Uko shingoni. Siuvui."

"Hata ukioga?"

Pius alisita. "Nikioga nautundika msumarini."

Odeta aliutazama mchi. Ulikuwa na unga wa muhogo kwenye nyufa zake. Aliyeuweka pale alijua kwamba mwenye gitaa hulinyanyua sanduku kwanza. Mwizi wa kupita njia asingejua hilo.

"Ni gitaa la aina gani?"

Hapo Pius alinyooka mgongo. "Afande, ile ni besi ya kuchongwa kwa mkono. Fundi mmoja tu, huko Ulaya, anatengeneza chache kwa mwaka. Nimeisubiri mpaka nikakonda. Ubao wa vidole, pale shingoni, ni mpingo."

"Mpingo wa kwetu?"

"Huenda."

"Kwa hiyo mpingo uliondoka Afrika ukiwa gogo, nawe ukaurudisha kwa bei ya nyumba."

"Huwezi kuelewa mpaka uisikie."

"Uliinunua kwa fedha gani?"

"Fedha ya familia," alisema Pius, haraka mno.

Mama yake, Wilhelmina, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua mchele. Mwanamke mwembamba, mikono mikavu, macho hayainuki kirahisi.

"Shikamoo, mama," Odeta alimsalimu.

"Malahaba, mwanangu. Habali za kazi?"

Obedi alificha tabasamu.

"Nzuri, mama. Mchi huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Nani aliuweka sandukuni?"

Vidole viliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Gitaa limekwenda wapi, mama?"

Bibi yule aliinamia ungo. "Itakuwa imeludi mahali ya mwenyewe."

"Mahali *pa* mwenyewe, mama," Obedi aliingilia akicheka. "Pa. Hilo ni la darasa la tatu."

Mama Wilhelmina alifumba mdomo. Alimtazama kijana yule mara moja tu, akainuka na ungo wake, akaingia jikoni.

"Mwenyewe ni nani?" Odeta aliuliza nyuma yake.

Pius alidakia. "Ni Kevin. Kevin Okomo, mpiga besi wa Kirumba. Kila siku anasema ile besi inanizidi, kwamba ingemfaa yeye. Mama lazima amesikia kitu."

Walimkuta Kevin kwenye ukumbi wa baa, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Alikuwa ameipakata besi yake ya mtumba na anabandika kipande cha plastiki kwa gundi.

"Umeiba gitaa la Pius?" Odeta hakuzunguka.

Kevin aliangua kicheko. "Nilipeleke wapi, afande? Mkoa mzima lipo hilo moja. Nikiligusa kidogo tu hapa, mtu wa Igoma anasema lile la Pius hilo."

"Anasema unalitamani."

"Nalitamani, ndiyo. Aliwahi kuniachia nikalipiga. Ni zuri, nikisema baya nitakuwa mwongo. Shingo yake haipindi. Noti ya chini kabisa inasimama wima, haikwaruzi. Halina ule mngurumo wa umeme. Aliyelichonga anajua kazi."

"Kwa hiyo linastahili bei yake?"

Kevin aliweka gundi chini. Akaelekeza kidole kwenye spika mbili kubwa pembeni, moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu. "Kwa spika zile? Mwezi wa tano Pius aliharibikiwa na waya, akaazima hili langu usiku mzima. Watu walicheza, bia zikaisha. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Studio, sawa, utasikia tofauti. Labda. Lakini kwa bei ile? Kwa wale ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Kevin aliwatazama wote wawili. "Hajawaambia?"

"Tuambie wewe."

"Ng'ombe wa Precious, dada yake. Aliolewa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na mtu anaitwa Mihayo. Baba yao alishafariki, kwa hiyo mahari alipokea Pius. Akawaswaga ng'ombe wote mnadani, akaagiza besi." Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Juzi juzi nilimwona yule binti kivukoni. Mkono umening'inizwa kwa kanga, jicho limefumba. Alikimbilia nyumbani kwao, kaka yake akamrudisha."

"Akamrudisha kwa mtu aliyemvunja mkono?"

"Wakimpokea, mume anadai ng'ombe wake. Ng'ombe wenyewe wako wapi, afande? Wako sandukuni. Wanafutwa kila asubuhi."

Odeta alisimama. Hakuaga. Alipofika kwenye gari aliufunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikatetema.

"Obedi. Yule mama alinisalimu vipi?"

"Alisema habali za kazi, afande."

"Gitaa limefanya nini?"

"Limeludi... limerudi."

"Kila penye r yeye anasema l. Ulisikia. Ulicheka. Sasa niambie, mahali ya mwenyewe ni nini?"

Konstebo aliyarudia maneno yale kimoyomoyo. Masikio yalimwiva.

"Mahari," alisema kwa sauti ndogo. "Imerudi. Mahari ya mwenyewe."

"Alitujibu. Tulipomuuliza limekwenda wapi, alitujibu. Wewe ukamfundisha sarufi, na mimi nikakuacha."

Walivuka kwa kivuko cha Kamanga mchana ule ule.

Nyumba ya Mihayo ilikuwa kwenye mwinuko juu ya gati, bati jipya, rangi ya kijani. Gitaa lilikuwa sebuleni, limetundikwa ukutani kwa kamba ya katani iliyopitishwa shingoni mwake. Lilikuwa zuri kweli. Mbao zake ziling'aa kama asali. Odeta alichukia kwamba lilikuwa zuri.

"Nani kakuletea?" aliuliza.

"Mama mkwe, kwa mikono yake." Mihayo alikuwa mnene, mtulivu, na hakukaribisha mtu kiti. "Kalileta jana, kalifunga kwenye mkeka kama maiti. Mbele ya wazee wangu kasema, hawa hapa ng'ombe wako, mwachie mwanangu. Shemeji yangu alishajitapa mji mzima kuhusu bei. Nikapokea. Mwanamke akaenda. Kuna kosa?"

"Mkono wake ulivunjikaje?"

"Alianguka."

"Alianguka na jicho?"

"Mwanamke mwenyewe mbishi, afande. Unaongea naye hasikii. Utafanyaje?"

Obedi alipiga hatua mbele. Odeta alimzuia kwa mkono.

"Mihayo, upo chini ya ulinzi kwa kosa la kumshambulia na kumdhuru mwili mkeo. Hilo gitaa tunalichukua, ni kielelezo."

Hapo ndipo utulivu ulipomwisha. "Chukueni! Lakini sikilizeni. Gitaa likitoka humu, mahari haijarudi. Mke wangu anarudi leo hii."

"Gitaa ndilo kielelezo," alisema Odeta. "Precious si kielelezo. Obedi, mfunge pingu."

Jioni, katika chumba cha mahojiano, gitaa lililazwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni. Upande mmoja alikaa Mama Wilhelmina, mikono mapajani. Upande wa pili Pius aliingia karibu akimbie. Hakumsalimu mama yake. Aliinama juu ya nailoni.

"Limekwaruzwa," alisema. "Afande, tazama hapa. Limetundikwa kwa kamba. Shingo itakuwa imepinda."

"Kaa chini."

"Unajua mpingo ukipinda..."

"Nimesema kaa."

Alikaa. Odeta alimgeukia mama. Sauti yake ilishuka.

"Mama, alama za vidole kwenye sanduku ni zako. Sitakuficha. Nieleze mwenyewe, na safari hii nasikiliza."

Mama Wilhelmina alivuta pumzi. "Alikuwa anaoga. Nikachukua ufunguo msumalini. Nikatoa, nikaweka mchi, nikaludisha ufunguo. Alipokwenda mjini, nikapanda kivuko."

"Kwa nini mchi?"

"Analinyanyua kwanza. Mimi namwona kila siku. Hajawahi kuninyanyulia hata ndoo, lakini hilo analinyanyua. Pleshasi alikuja usiku wa mvua. Mfupa unaonekana. Nikasema tumpeleke hospitali, tumpeleke polisi, akae hapa. Kaka yake akasema hapana. Asubuhi akamlipia nauli ya kuludi. Halafu akaketi, akafuta nyuzi."

Obedi, aliyekuwa akiandika karibu na mlango, aliacha kuandika.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwa ndugu yangu. Sisemi wapi. Ukimpa huyu gitaa, yule mume atamfuata."

"Hatamfuata. Yuko mahabusu. Na kesho Precious ataandikiwa fomu ya matibabu, aje aeleze mwenyewe. Kumpiga mtu ni jinai, mama, mahari iwe imerudi au haijarudi."

"Kwa nini hukutuambia mapema?" Obedi aliuliza, bila kuinua macho.

"Nilisema, mwanangu. Ukanisahihisha."

Pius alipiga meza kwa kiganja. "Afande, naomba tusichanganye mambo. Mambo ya ndoa ni ya ndoa. Hapa kuna wizi. Ni mama yangu, ndiyo, lakini ile ni kazi yangu, ndiyo maisha yangu. Watu hawaelewi. Kuna gitaa la kupigia kelele na kuna chombo. Nikilishika lile mimi ni mtu mwingine. Huwezi kulipima kwa ng'ombe."

"Wewe ndiye uliyelipima kwa ng'ombe," Odeta alisema. "Precious alipokuja na mkono umevunjika, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia avumilie."

"Ulimaanisha nini?"

"Avumilie tu. Kila ndoa ina mambo yake."

"Ulijua Mihayo atabadilika?"

"Mtu anaweza kubadilika."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Hapana."

"Ulijua atampiga tena?"

Pius alilitazama gitaa. Taa ya dari ilikuwa inameremeta juu ya nailoni.

"Nauliza mara ya pili. Ulipompandisha kivuko akiwa amefungwa mkono kwa kanga, ulijua atapigwa tena?"

"Angeweza kukimbilia kwa..."

"Pius."

"Mimi si mtu mbaya, afande. Nilikuwa nampelekea hela ya dawa."

"Ulisema avumilie. Avumilie nini?"

Mama Wilhelmina aliinua macho yake, yale yasiyoinuka kirahisi, akayaweka usoni mwa mwanawe na kuyaacha hapo.

"Sema, Piusi," alisema. "Dada yako hayupo. Sema tu."

Pius alisogeza mkono mpaka karibu na nailoni, akaurudisha.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Nilijua atapigwa. Nilimaanisha bora apigwe yeye kuliko mimi niliuze."