Pikapu Iliyokataa Kumbeba Masinde

Spana ya kwanza Lusweti alinipiga nayo mdomoni, jino likaenda. Ya pili aliilenga kichwa, nikainama, ikanipata begani...

"Huyu ndiye alimuua ndugu yangu," akawaambia watu. "Na sasa anakataa tumzike!"

Wasomaji wangu, hiyo ilikuwa 1994, saa nne asubuhi, gereji yetu ng'ambo ya mochari kule Mukumu. Nyuma ya ile pikapu, Pijo 504, kulikuwa na jeneza la Masinde, mwenye gari na rafiki yangu. Alipatikana kwa shamba lao Matete, kichwa kimepasuliwa.

Siku moja kabla afe tulibishana mbele ya watu, ati nakawia na gari yake. Ni hayo tu. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshanihukumu.

Familia ilisema lazima aende nyumbani na gari yake mwenyewe. Sawa. Shida ni kwamba nilikuwa nimemaliza kufunga beringi mpya za injini asubuhi hiyohiyo.

Beringi mpya usiwashe gari hivihivi tu. Oili ikiwa haijapanda, vyuma vinasagana, na hamfiki mbali na marehemu wenu. Unachomoa waya wa koili ili injini isishike, unazungusha na stata kidogokidogo, unapumzisha, mpaka taa nyekundu ya oili izime. Ndiyo sasa unarudisha waya na kuwasha.

Nikachomoa. Nikazungusha. Gari ikalia bila kuwaka. Nikashuka kuchungulia kama oili inavuja.

Hapo ndipo Lusweti, mdogo wake marehemu, alinirukia na spana. Vijana nao wakaingia. Mateke, ngumi, mtu akanikanyaga vidole... Nilijaribu kueleza mambo ya oili, damu ikanijaa mdomoni. Mmoja alikuwa ameenda kutafuta tairi na petroli. Mnajua ni za nini.

Mara Mama Khalayi, mama yao, akapiga nduru.

"Mwacheni! Masinde anakataa kwenda. Hataki kubebwa na mtu fulani aliye hapa."

Mateke yakakoma. Kwetu gari ya maiti ikikataa kuwaka, hakuna anayemuuliza fundi. Wanamuuliza marehemu.

Mama akamwambia Lusweti aweke mkono juu ya jeneza, amwombe ndugu yake atuachilie. Mimi nikasukumwa ndani nizungushe.

Nikazungusha. Haikuwaka.

"Mwombe tena," Mama akasema.

Haikuwaka. Mara ya tatu Lusweti akapiga magoti.

"Masinde, niachilie... Nilikupiga jembe mara moja tu. Shamba chukua lote."

Watu wakamvamia. Mawe, rungu, buti. Nilisikia mbavu zikivunjika, wallahi, na nilifurahi. Kisha Mama Khalayi akajitupa juu yake. Jiwe likamvunja mkono na bado hakutoka, mpaka polisi wakaja kumchukua Lusweti.

Mimi nikaangalia dashibodi. Taa ilikuwa imezima. Nikarudisha waya, nikawasha, nikaiacha ingurume polepole nikisikiliza kama kuna kitu kinagonga. Hakuna. Nikampeleka rafiki yangu Matete nikiwa na shati la damu, watu wakiimba ati marehemu ameridhika. Sikuwaambia habari ya waya. Niliogopa.

Miaka miwili jambo hilo lilininyima raha. Nikaenda kwa Mama Khalayi nikamwambia ukweli, kwamba haikuwa Masinde, ni mimi niliyechomoa waya.

Hakuacha kuchambua mboga zake.

"Nilikuona," akasema. "Mzee wangu alikuwa fundi wa trekta kwa mzungu kule Lugari. Najua beringi mpya huzungushwa kwanza. Lakini siku Masinde alikufa, Lusweti alirudi akaosha jembe, na huyo hajawahi kuosha jembe. Ningemuuliza mimi, angekataa."

Nikamuuliza mbona basi alimlalia asipigwe.

"Huyo pia nilimzaa."

Sasa nyinyi mnaopenda kumpiga mtu kabla hajamaliza kuongea, somo langu ni hili. Fundi akizungusha gari bila kuwasha, mwacheni amalize. Na mkiona tairi linaletwa, ulizeni kwanza. Mimi naandika haya nikiwa hai kwa sababu mama mmoja, akiwa anamzika mtoto wake, alikubali kumpoteza na wa pili ili mtoto wa mwenzake asichomwe bure.